Deikea ya nyota nne au kwa mama wa nyota mbili nyumbani? Ulinganisho kwa sisi wa Texas

Wanangu wawili wamepita njia mbili tofauti za deikea, yaani kulelewa mchana wazazi wakiwa kazini, na hapa Texas walezi wanapimwa ubora kwa nyota. Mkubwa alianzia senta ya nyota nne hapa Houston akiwa na miezi mitano, mdogo nikampeleka kwa mama mmoja Mkongo anayelea watoto nyumbani kwake, nyota zake mbili tu, kwa hiyo haya mengine nimeyasoma na mengine yamenikuta mwenyewe. Karibu kila wiki kuna mtu ananipigia "eti we ulimpeleka wapi" na nikianza kujibu saa nzima inaisha bado hata sijafika kwenye bei, bora niandike mara moja nimalize.

Halafu kuna dada zetu wanaotaka kufungua deikea nyumbani, nao wanauliza hizi nyota zina faida au ni kusumbuana tu na makaratasi. Sehemu yao iko kule chini ila wazazi msiiruke, maana ukishajua mlezi anapata nini na anapoteza nini ndo utaelewa kwa nini senta zinafanya zinavyofanya.

Kwanza tusichanganye leseni na nyota

Leseni inatolewa na Health and Human Services ya jimbo, hiyo ndo ruhusa ya kulea watoto wa watu. Nyota ni kitu kingine kabisa, mpango unaitwa Texas Rising Star, uko chini ya Texas Workforce Commission na huku mtaani unaendeshwa na zile bodi za ajira, ziko 28 jimbo zima, sisi wa Houston tuko Gulf Coast. Leseni inaangalia mtoto asiumie, asipotee, asiachwe peke yake. Nyota zinaenda mbele kidogo, zinaangalia walimu wamesoma nini, wanaongea vipi na watoto, senta inaendeshwaje na mazingira ya ndani na nje yakoje. Hayo ndo mafungu manne, kila fungu lina pointi zake, anakuja mtu anakaa darasani anaangalia na kuandika. Cheti cha nyota kinakaa miaka mitatu na katikati hapo wanapita kila mwaka kuchungulia.

Zipo nyota mbili, tatu na nne. Nyota moja haipo Texas, mtu akikwambia ana nyota moja basi anaongelea jimbo lingine. Hili linawachanganya sana wanaohama. North Carolina wanahesabu moja mpaka tano na kwa miaka mingi ukipata leseni tu ya kawaida ushahesabiwa nyota moja, Minnesota kule walikojaa Wakenya ni moja mpaka nne. Kwa hiyo shemeji yako wa Greensboro kule North Carolina akisifia nyota nne zake, sio nyota nne hizi za hapa, usilinganishe kama bei ya sukari. Majirani zetu Oklahoma ndo walianza mchezo huu wa nyota jimbo zima mwaka 1998, wengine wote wakafuata kila mmoja na hesabu zake.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Zamani Texas nyota zilikuwa za hiari. Mwaka 2021 bunge la jimbo kule Austin likapitisha sheria kwamba deikea yoyote inayopokea watoto wanaolipiwa na serikali, yaani CCS, lazima iwe ndani ya Texas Rising Star, anayeanza anawekwa daraja la kuingilia na anapewa mpaka miezi 24 awe amepata angalau nyota mbili. Maana yake ukikuta deikea haina nyota usikimbie hapo hapo. Inaweza kuwa ni mpya, bado anahesabu miezi yake. Inaweza kuwa ni senta ya matajiri haipokei CCS kabisa na haijawahi kuomba nyota, zipo hizo, zina bwawa la kuogelea na mwalimu wa muziki, nyota sifuri. Na inaweza kuwa alijaribu akashindwa. Mambo matatu tofauti kabisa na yote ukitafuta kwenye mtandao yanaonekana hivo hivo, hamna nyota. Inabidi umuulize mwenyewe, na akianza kuzungukazunguka ushapata jibu.

Mtoto anakaa na watu wangapi

Hapa ndo pazito, kaa chini.

Leseni ya Texas kwa senta inaruhusu mlezi mmoja kwa watoto wanne wa chini ya mwaka. Miezi 12 hadi 17 mlezi mmoja kwa watoto watano. Sawa. Ikifika miezi 18 hadi 23 mlezi mmoja watoto tisa. Miaka miwili, kumi na moja. Mitatu, kumi na tano. Minne, kumi na nane. Rudia kusoma hapo kwenye miezi 18, mtoto ndo kwanza anajua kukimbia, anang'ata wenzie, hajui kusema "nataka maji", na mwezi huo huo sheria inamuongezea wenzake wanne kwa mlezi yule yule mmoja. Hiyo ni sakafu ya leseni, senta haivunji sheria yoyote ikifanya hivo.

Faida kubwa ya nyota kwa mzazi iko hapa. Kwenye Texas Rising Star senta ikiwa na watoto wachache kwa kila mlezi kuliko leseni inavyodai inapata pointi zaidi, kwa hiyo senta ya nyota nne mara nyingi ukiingia chumba cha miaka miwili unakuta watu wazima wawili na watoto wa kuhesabika. Mkubwa wangu alipohamia chumba hicho nilihesabu, watoto tisa walimu wawili. Ila nilihesabu saa nne asubuhi. Nilivyopita siku nyingine saa kumi na moja jioni nikakuta vyumba viwili vimeunganishwa, mwalimu mmoja yuko na watoto kama kumi na mwingine yuko mlangoni anagawa mabegi. Sheria haikuvunjwa, nyota zilikuwa bado ukutani, lakini mwanangu alikuwa amekaa pembeni na pampasi imejaa.

Kwa mama wa nyumbani hesabu ni nyingine. Nyumba iliyosajiliwa, kwenye mtandao utaiona imeandikwa Registered, inaruhusiwa watoto sita wadogo na wengine sita wa shule wakitoka darasani, jumla wasizidi kumi na mbili, na watoto wake mwenyewe wanahesabiwa humo humo. Wachanga wakiongezeka idadi nzima inapungua. Mama yetu Mkongo alikuwa na watano asubuhi, jioni wanafika wanane na wale wakubwa wakawa wanamsaidia kucheza na wadogo. Mtu mzima ni mmoja tu lakini, akienda chooni ameenda chooni, akiumwa hakuna deikea siku hiyo na we unapiga simu kazini kusema uongo. Mimi nimepiga hizo simu mara tatu mwaka mmoja.

Nani anamlea kesho

Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti uliochukua data za madarasa ya watoto wadogo kwenye majimbo kadhaa ya Marekani wakapima kama zile nyota kwa jumla zinatabiri mtoto atajifunza kiasi gani. Jibu ni kwamba ukijumlisha kila kitu pamoja, elimu ya mwalimu, idadi ya watoto, vifaa, nyota hazikutabiri vizuri. Kilichotabiri zaidi ni namna mwalimu anavyoongea na kushughulika na watoto. Texas wakaja kurekebisha mfumo wao na sasa fungu la mwalimu na mtoto lina uzito, hilo nawapa pongezi, ila bado unapewa namba moja ya jengo zima wakati mwanao anakaa chumba kimoja na mtu mmoja au wawili.

Na huyo mtu haondoki kwa sababu mbaya, anaondoka kwa sababu ya hela. Mwaka 2023 mlezi wa watoto Marekani alikuwa analipwa kama dola 14.60 kwa saa, hiyo ni ya katikati, nusu wanapata chini ya hapo. Ghala la vifurushi linalipa zaidi na huko hakuna anayekutapikia. Mkubwa wangu ndani ya miezi minane alibadilishiwa walimu wanne, wote wazuri, wote wana tabasamu, na kila akishazoea mmoja tunaanza upya kulia mlangoni. Senta ile ile, nyota nne zile zile. Mdogo miaka miwili na nusu yote sura ni moja, akifika anavua viatu mwenyewe anaenda jikoni.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka na nusu mimi naweka hili juu kuliko nyota, wengine watanibishia na ni haki yao.

Saa za kazi, hapa senta nyingi zinafeli kabisa

Wengi wetu tunafanya kazi hospitali, nyumba za wazee, maghala, usafi. Shifti ni saa moja asubuhi mpaka saa moja usiku. Senta yetu ilikuwa inafungua saa kumi na mbili na nusu, inafunga saa kumi na mbili jioni, na ukichelewa unatozwa kwa dakika. Piga hesabu na foleni ya magari ya barabara ya I-45 uone kama inaingia. Kama mko wawili mnaopishana shifti mtaweza, mama peke yake hawezi, na hakuna nyota duniani itakayomsaidia kwa sababu kwenye mfumo hakuna pointi za kufungua alfajiri au kulaza mtoto usiku. Senta ya nyota nne inayofunga jioni inabaki na nyota nne, mama anayepokea watoto saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya manesi anabaki na mbili. Sisemi wanamuonea, nasema tu hawampimi kwa kitu ambacho we unakihitaji kuliko vyote.

Lugha na chakula

Hapa nitapita haraka. Kwa mama Mkongo, mwanangu mdogo alijua Kiswahili, tena cha Bukavu, anasema "aksanti" mpaka leo na bibi yake Tanga anacheka. Anakula uji, wali na maharage, ndizi. Mkubwa kule senta alikuwa anakula vijiti vya samaki na tufaa la kopo, sio sumu.

Wazazi wanaogopa mtoto atachelewa Kiingereza. Usiogope, tena Texas hilo linakusaidia: wilaya za shule zinatoa pre-K, yaani darasa la awali, bure kwa mtoto aliyetimiza miaka minne kufikia tarehe 1 Septemba kama hajui kuongea na kuelewa Kiingereza, au kipato cha familia ni kidogo, na sababu nyingine kadhaa, na tangu sheria ya 2019 inatakiwa iwe ya siku nzima. Watu wanalipa senta mtoto wa miaka minne na nusu wakati shule iko mtaa wa pili inamsubiri. Head Start, mpango wa elimu ya awali wa serikali ya taifa, nayo ipo kwa wa miaka mitatu na minne wenye kipato kidogo, kaulize, familia inayopata SNAP, ile hela ya chakula ya serikali, inakubaliwa kwa kigezo cha kipato.

Usalama

Kabla hujaangalia nyota angalia rekodi ya leseni, ipo wazi kwenye mtandao wa jimbo, unaandika jina au anwani ya deikea unaona kila ukaguzi na kila kosa. Makosa yamepangwa kwa uzito. Usihesabu makosa, yasome. Senta yenye makosa kumi na mawili ya karatasi za chanjo kuchelewa na tarehe kusahaulika ni afadhali kuliko yenye kosa moja la mtoto kuachwa uwanjani wengine wakaingia ndani. Senta inakaguliwa angalau mara moja kwa mwaka bila kupewa taarifa, na ikiwa na makosa makubwa nyota zinaweza kushushwa au kuondolewa, kwa hiyo hapo nyota na leseni zinakutana.

Nyumbani kuna ngazi tatu na watu wanazichanganya. Kuna nyumba yenye leseni kamili, watoto saba mpaka kumi na mbili. Kuna iliyosajiliwa niliyoieleza. Halafu kuna iliyoorodheshwa tu, Listed, hiyo inaruhusiwa watoto watatu wasio ndugu zake na haikaguliwi kila mwaka, wanakuja kukiwa na malalamiko. Nyota zinawahusu wa kwanza na wa pili, huyu wa tatu hazimhusu. Chini ya hapo kuna shangazi wa kanisani ana watoto tisa sebuleni na hajulikani popote. Najua ni mtu mwema, najua anakuombea. Mtoto akianguka kwenye ngazi pale hakuna bima, hakuna aliyewahi kuchunguza rekodi za polisi za wanaume na vijana wanaoishi humo ndani, na hata yeye mwenyewe anaharibikiwa maisha. Hapo sina ulinganisho, hapana.

Na kitu kimoja ambacho kwetu kinaleta ugomvi, kulala. Mchanga wa chini ya mwaka analazwa chali, kitanda kitupu, hakuna blanketi, hakuna mto, hakuna kumfunika khanga. Mama yangu aliona kwenye video akanigombeza "mtoto analazwa kama samaki sokoni?". Ndo sheria na ina sababu, inapunguza hatari ya vifo vya ghafla vya usingizini. Ukienda kumtembelea mlezi wa nyumbani, muombe uone watoto wanapolala, jibu la nusu ya maswali yako liko kwenye kile kitanda.

Hela ya mzazi

Ukilipa mwenyewe, tofauti ni kubwa. Mimi senta nilikuwa natoa dola 265 kwa wiki kwa mchanga, kwa mama Mkongo dola 170 na hakunitoza siku za sikukuu. Chumba cha wachanga cha nyota nne kina foleni, wenzetu wanajiandikisha mimba ikiwa na miezi minne na wanalipia hiyo nafasi kwenye foleni hela isiyorudi.

Ukiwa na CCS mambo yanageuka. Mchango wako wewe unapangwa kwa kipato na ukubwa wa familia, sio kwa nyota, kwa hiyo nyota nne haikuongezei mchango. Basi kama saa zako zinaingia na nafasi ipo, chukua nyota nyingi, kwa nini uache. Ila uliza swali hili mapema na ulipate kwa maandishi: je kuna nyongeza mnatoza juu ya kile kinacholipwa na CCS? Sehemu nyingine zinatoza, sehemu nyingine bodi imekataza. Na foleni ya CCS yenyewe ni ndefu, jiandikishe leo hata kama kazi unaanza mwezi ujao. Bibi au shangazi wa damu asiyeishi na nyie naye anaweza kulipwa na CCS akijiorodhesha, hiyo haina habari za nyota kabisa.

Sasa nyie mnaotaka kufungua

Swali ni kuingia kwenye nyota au kubaki na wateja wa keshi. Wacha nilinganishe kwa hesabu za yule mama Mkongo, alinionyesha daftari lake na akaniruhusu nisimulie.

Ukiwa na nyota CCS inakulipa juu ya kiwango cha kawaida, angalau asilimia 5 kwa nyota mbili, 7 kwa tatu, 9 kwa nne. Tufanye kiwango ni dola 150 kwa wiki kwa mtoto, huo ni mfano tu. Nyota mbili inakuongezea dola 7.50, nyota nne dola 13.50. Ukiwa na watoto wanne wa CCS kutoka mbili kwenda nne ni dola 24 kwa wiki. Dola ishirini na nne! Kwa hiyo nyumbani nyongeza peke yake hailipi jasho, tusidanganyane. Senta yenye watoto sitini hesabu inabadilika, ndo maana wao wanazikimbilia.

Kinacholipa nyumbani sio asilimia, ni mlango. Bila kuwa kwenye mfumo hupokei mtoto wa CCS hata mmoja, unabaki na wazazi wa keshi, na wazazi wa keshi ni sisi, tunapunguziwa masaa kazini tunakwambia "dada nivumilie mpaka Ijumaa". Mama Mkongo alikuwa anadai watu wanne kabla hajaingia. Hela ya CCS inafika benki. Hicho ndo kilichomfanya aingie, nyota alizikuta ndani.

Gharama zake sasa. Kozi za kila mwaka, mipango ya masomo ya kila wiki kuandikwa, kila mtoto na faili lake, vitabu na vifaa vya rika tofauti, uwanja wa nyuma kutengenezwa. Bodi inakupa mshauri bure anakuja nyumbani kukuelekeza, na mara nyingine wanakuletea vifaa, huyu aliletewa rafu ya vitabu na meza ya mchanga. Lakini makaratasi yote ni Kiingereza na yeye Kifaransa anakijua, Kiswahili anakijua, Kiingereza anakisoma kwa kidole. Binti yake wa miaka kumi na tano ndo alikuwa anajaza usiku. Mkaguzi alipokuja akampa pointi nzuri sana kwenye namna anavyoongea na watoto, anavyowabeba, anavyowatuliza, halafu fungu la elimu akaporomoka kwa sababu hana cheti cha CDA, kile cha walezi wa watoto wadogo. Cheti hicho kinataka saa 120 za mafunzo na saa 480 za kufanya kazi na watoto. Saa 480 anazo mara ishirini, hizo 120 za darasani ndo hana muda nazo kwa sababu darasa linafanyika muda ambao ana watoto sita. Kwa hiyo nyota mbili.

Mimi nikiangalia hiyo karatasi nasema hawakukosea hata sehemu moja, kila pointi ni ya kweli, na jumla yake bado haimwelezi mtu anayelea watoto pale.

Nyota pungufu inaumiza pia. North Carolina walifuatilia senta zilizokosa kidogo tu kufika nyota ya juu, utafiti ulitoka 2019, wakaona mambo mawili: zile senta zilijirekebisha zikapanda baadaye, na wakati huo huo zikapoteza watoto, wazazi wakaenda kwingine. Kwa mfumo hilo ni zuri, wanasema linafanya kazi. Kwa senta kubwa kupoteza watoto watano ni mwezi mbaya, kwa mama wa nyumbani kupoteza watoto wawili ni kodi ya nyumba. Kwa hiyo usiombe kupimwa kabla hujawa tayari, unayo hiyo miezi 24, itumie yote, muite mshauri mara nyingi mpaka akuchoke.

Na kabla ya nyota chukua hela ya chakula. Kuna mpango wa taifa, CACFP, unarudishia deikea gharama za milo, nyumba zilizosajiliwa zinaingia kupitia shirika linalowasimamia na hauulizi nyota. Dada zetu wengi wanapika kwa hela yao mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyewaambia. Kwa deikea ya nyumbani hiyo inaweza kuzidi nyongeza ya nyota kwa mbali.

Mwenye ndoto ya kufungua senta huko mbele, aanze nyota mapema akiwa mdogo, azoee mafaili. Mwenye watoto watatu wa majirani wanaolipa vizuri na hataki kukua, asajiliwe tu, afuate leseni, alale usingizi wake.

Mimi ningechaguaje

Shifti za usiku au za masaa kumi na mawili mfululizo, nyumba iliyosajiliwa, na uwe na mtu wa akiba siku mlezi akiumwa. Mchanga mpaka mwaka na nusu, nyumbani kama umempata mtu wa kweli na rekodi yake safi, vinginevyo senta ya nyota tatu au nne yenye mwalimu aliyekaa zaidi ya mwaka. Miezi 18 mpaka miaka mitatu ndo hapo nyota zinastahili hela yake kwa sababu ya ile tisa kwa mmoja, mkubwa wangu angekaa senta isiyo na nyota wakati ule sijui ingekuwaje. Mitatu kwenda minne mtoto anataka wenzie, anataka kukata karatasi na kugombania foleni ya bembea, senta. Minne, pre-K ya bure.

Nyota mbili za senta na nyota mbili za nyumbani usizione sawa. Senta kubwa yenye walimu kumi na tano na bado mbili ningeuliza maswali mengi. Mama peke yake mwenye mbili mara nyingi ni vyeti tu vimekosekana.

Nenda bila kupiga simu. Sheria za leseni Texas zinamruhusu mzazi mwenye mtoto pale kuingia muda wowote wakiwa wazi, hata kabla hujaandikisha omba upite, na usiende saa nne asubuhi kama mimi nilivyofanya mwanzo. Nenda saa kumi na moja jioni walezi wameshachoka na watoto wameshachoka. Simama mlangoni dakika kumi usikilize, mtoto akilia anajibiwa kwa maneno au anahamishwa tu kama kiti. Halafu uliza jina la mwalimu wa chumba cha mwanao na amekaa hapo muda gani. Wakianza kutazamana, rudi kwenye gari.